Mistari Niliyoiomba Mwenyewe

Kulalamika nakujua. Ukitaka mtu wa kwenda kugombana na wasoma mita za maji, au wa kumrudishia muuza vitambaa jora lake lenye tundu, niite mimi. Kushukuru ndiko kunanishinda. Nikianza kushukuru, maneno yananigeuka, najikuta nimeshamkosoa yule ninayemshukuru. Kwa hiyo mnivumilie. Habari hii ni ya shukrani, ila imeanzia kwenye lalamiko, na lalamiko lilikuwa langu.

Naitwa Eunice, lakini hapa Nyamisangura wananijua kwa Mama Matiko, fundi cherehani. Nashonea barazani mwa duka la vitambaa, nje kabisa, ili anayepita aone kazi yangu kabla hajaisikia sifa. Pembeni yangu, chini ya mwavuli, anakaa Awiti, anayesajili laini za simu. Awiti ni Mjaluo wa upande wa Rorya, mcheshi, na kwa miaka sita sasa amekuwa mdomo wangu kwa mtu mmoja tu ambaye mimi siwezi kumsemesha nipendavyo. Huyo nitamfikia.

Zamani barabara yetu haikuwa na mpango. Fuso la saruji limesimama hapa, Probox za Sirari pale, pikipiki zimeziba kila upenyo uliobaki. Mteja mwenye gari anazunguka mara tatu, hapati pa kusimama, anaenda kushonesha kwingine. Nikachoka. Nikaandika barua kwa mkono wangu, nikapita duka hadi duka kutafuta sahihi. Mseti wa vifaa vya ujenzi alisaini wa kwanza, kwa kalamu nene, kama anayesaini cheti cha ndoa.

Tulichoomba kilikuwa wazi: magari yaegeshwe kwa mshazari, pua ikielekea madukani, ili yaenee mengi na kila mteja ashukie mlangoni. Ofisi ya halmashauri ikatusikiliza. Hilo lilinishangaza, maana nilikuwa nimejiandalia hasira ya mwaka mzima na haikutumika hata wiki. Wakaja na rangi nyeupe, wakachora mistari ya mshazari mpaka ukingoni mwa baraza. Siku ile nilipiga vigelegele barabarani. Naomba mkumbuke hilo la vigelegele.

Sasa nimfikie mtu wangu.

Baba mkwe wangu ni Mzee Mwikwabe, anakaa Nkende. Kila Alhamisi anakuja mjini kwa miguu kwenda kliniki ya presha, koti la kaki, fimbo mkononi, na njia yake ni mbele ya cherehani yangu. Kwetu Wakurya, mke wa mtu na baba mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono, hawakai meza moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake mbali. Wageni hudhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima nzito, na mimi nimeikuta na nimeipenda, kwa sababu ndani ya heshima hiyo hakuna mkwe aliyewahi kunidharau.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mzee akifika kwenye nguzo ya umeme, hatua sita kutoka nilipo, anasimama na kukohoa. Mimi naacha cherehani, nasimama, naangalia chini, namwita tata, yaani baba.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tata."

Basi. Kisha anamgeukia Awiti, anamkabidhi mkungu mdogo wa ndizi au maziwa ya mgando kwenye kibuyu, anasema, "Mpe mwenzako." Na Awiti, aliye karibu yangu kiasi cha kunikanyaga, ananipa. Mzee anapita kando, upande wa nje wa nafasi pana iliyokuwepo kati ya baraza na barabara, anakwenda zake. Siku naposwa, mama mkwe aliniambia baadaye, mzee aliuliza swali moja tu kuhusu mimi: "Huyo binti, mdomo wake unafungika?" Wakamwambia hapana. Akasema, "Haya, tutauzoea."

Mistari ilipochorwa, nafasi ile pana ilikwisha. Magari yalisimama pua zikining'inia juu ya mtaro, na kati ya pua na cherehani yangu kikabaki kinjia cha kupita kuku. Wateja wangu walipita kiubavu, wakicheka. Mimi nilicheka nao.

Alhamisi ya kwanza mzee alifika kwenye nguzo yake, akakuta bampa la Noah limeikumbatia. Akasimama. Akaangalia kile kinjia, akaniangalia mimi nilivyokaa mwisho wake, nguo za watu zikining'inia kila upande. Ili apite pale ingebidi koti lake liguse goti langu. Akageuka, akashuka kwenye lami, akapita barabarani katikati ya pikipiki, nyuma ya magari yote, mpaka akatokea kule mbele. Hakukohoa, na ndizi hazikufika.

Niliona. Nasema wazi kwamba niliona. Alhamisi ya pili niliona tena, na ya tatu.

Awiti aliniambia, "Mama Matiko, ingiza mashine yako ndani kila Alhamisi asubuhi. Saa moja tu, mzee apite."

"Nikiingia ndani nani ataniona? Kuna harusi mbili mwezi huu, Awiti."

"Yawa! Na mzee je?"

"Mzee ana akili zake. Amepata njia."

Ndivyo nilivyosema. Waswahili husema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza mguu, tena wa mtu mwingine.

Kuna jambo ambalo sisi tulioomba mshazari hatukulifikiria. Gari lililoingia kwa pua hutoka kwa mkia. Dereva anarudi nyuma huku haoni chochote isipokuwa ubavu wa gari la jirani. Alhamisi ya nne, Probox moja ilirudi nyuma ghafla. Pikipiki iliyokuwa inakuja ikaikwepa, na pale ilipokwepea ndipo alipokuwa Mzee Mwikwabe.

Nilisikia fimbo ikianguka kabla sijasikia kitu kingine. Nilikimbia na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu kwenye lami, koti limepanda mpaka kifuani, mguu umekaa vibaya. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono nimnyanyue.

Akafumbua macho. Akaiona mikono yangu.

"Acha," alisema. "Awiti aje."

Nikairudisha mikono. Sijui kama mnaelewa. Mtu ana maumivu ya kuvunjika mfupa, mji mzima umesimama unamtazama, na bado anailinda heshima yangu na yake. Nilirudi nyuma hatua, nikahesabu, nikafikisha sita, nikasimama hapo nikilia kwa sauti huku Awiti na mwenye pikipiki, kijana wa Nkende anayeitwa Waitara, wakimbeba kumpakia kwenye bajaji.

Ulikuwa mfupa wa paja. Mzee wa umri ule akivunjika paja, watu huanza kunong'ona. Mume wangu, Marwa, alishinda wodini. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, napika uji nyumbani, naleta, nakabidhi mlangoni. Uji ulikuwa unanywewa wote. Nililishukuru hata bakuli tupu.

Siku ya tatu Marwa alitoka akaketi karibu yangu.

"Baba anasema Waitara asishitakiwe. Anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekuwa barabarani."

"Amesema kwa nini alikuwa barabarani?"

"Anasema jua lilimpiga machoni, akapotea njia."

Nilimtazama mume wangu. Asubuhi ile palikuwa na mawingu tangu alfajiri; nilikuwa nimefunika nguo za watu kwa nailoni nikihofia mvua. Mzee hakudanganya kwa kujiokoa. Alidanganya ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba cherehani ya mke wa mwanawe ndiyo iliyomtoa kando ya barabara. Nikanyamaza. Marwa akaniuliza kama naumwa, maana hajazoea kuniona nimenyamaza.

Baada ya ajali watu walipiga kelele, safari hii upande wa pili. Akina mama wanaopeleka watoto shule, waendesha bajaji, hata wauza maji. Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa kata, na mhandisi mmoja kijana akaja na ramani yake, dada mmoja aitwaye Adhiambo, miwani mikubwa na viatu vyenye vumbi la kazi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumchukia, nikakosa pa kuanzia. Alisalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akafungua daftari na kusema, "Leo sikuja kueleza. Nimekuja kusikiliza."

Mseti alisimama wa kwanza. "Mistari ibaki. Tuliiomba wenyewe, tukaipata. Biashara imepanda. Ajali ni bahati mbaya, na tumwombee mzee apone, lakini hata mwenyewe amesema kosa ni lake. Mtu akitembea katikati ya barabara, rangi ina kosa gani?"

Wenye maduka wakapiga makofi. Baadhi yao walinigeukia mimi, mwenye barua, niongeze neno. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Daudi, akanipa nafasi kabla sijanyoosha mkono.

Nikasimama. Nilijua nikisema ukweli nitakuwa nimeanika hadharani kitu ambacho mzee alikifunika kwa uongo wake. Mke wa mtu haongelei mambo yake na baba mkwe mbele ya ukumbi. Angeweza kukasirika asinisalimie tena mpaka anaingia kaburini, na angekuwa na haki. Lakini nikinyamaza, mistari itabaki, na siku akitoka hospitali na magongo yake atarudi kwenye lami ileile.

"Barua niliiandika mimi," nilisema. "Vigelegele nilipiga mimi. Na Mzee Mwikwabe hakupigwa na jua. Siku ile hapakuwa na jua. Mzee ni baba mkwe wangu. Alishuka barabarani kwa sababu njia tuliyomwachia ilimtaka anipite mimi mguu kwa mguu, na yeye ni mtu wa heshima zake. Nilimwona akishuka Alhamisi nne. Sikuiondoa cherehani. Mkitaka mwenye kosa, mwenye kosa ni huyu anayeongea, na mistari yake."

Nikakaa. 

Kisha mama mmoja wa nyuma akasema polepole, "Hata mimi baba mkwe wangu sasa anapita nyuma ya soko, kwenye madimbwi." Mwingine akasema mkwewe ameacha kabisa kuja mjini, dawa anaagizia watu. Mzee Wiliam, aliyekuwa amekaa mbele na kofia yake magotini, akasema yeye hupita barabarani kila siku, ila bado hajagongwa, ashukuriwe Mungu na breki za watu.

Na hapo Mseti, ambaye hajawahi kurudisha neno lake tangu nimfahamu, akasimama tena. Safari hii sauti ilikuwa chini.

"Mama mkwe wangu alikuwa anakuja dukani kila mwisho wa mwezi," alisema. "Anasimama kule nje, namtumia mtu na soda. Miezi miwili hii hajaja. Nilidhani nimemkosea. Nimeshatuma mbuzi wa kuomba radhi."

Watu wakacheka mpaka Daudi akagonga meza, na Mseti mwenyewe akaishia kucheka, huku akijifuta uso. Yule mbuzi, nasikia, alipokelewa bila maswali.

Adhiambo hakucheka. Alikuwa anaandika. Kisha akauliza swali ambalo nitamshukuru kwalo mpaka nizeeke: "Mkwe na mkwe wakipishana, panatakiwa nafasi kiasi gani?"

Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Mmoja akasema hatua tatu, mwingine akasema inategemea ukubwa wa mkwe. Mzee Wiliam akainuka na fimbo yake. "Haipimwi kwa mdomo," alisema. "Binti, simama hapo, uwe mkwe wangu."

Adhiambo akaweka kalamu chini, akasimama ukutani, akaangalia chini vizuri kuliko baadhi yetu tuliozaliwa ndani ya mila hii. Mzee Wiliam akapita mbele yake, karibu, akatikisa kichwa. Akarudi, akapita mbali kidogo. Mara ya tatu akasimama, akagonga sakafu kwa fimbo. "Hapa. Nguo haigusi nguo, na mtu hashuki barabarani." Mseti, ambaye hatembei bila futi mfukoni, akapiga magoti mwenyewe akapima. Ilikuwa mita mbili na vidole vichache.

"Kitabu chetu kinasema mita moja na nusu inatosha," alisema Adhiambo.

"Aliyekiandika hana mkwe," alijibu Mzee Wiliam.

Adhiambo akaandika mbili. Akatueleza kwamba ili zipatikane mita mbili, mshazari lazima ufutwe, magari yasimame sambamba na barabara, tena upande mmoja tu, na nafasi za magari zitapungua karibu nusu. Pikipiki zitahamia kona ya nyuma. Aliuliza kama wenye maduka wamekubali. Wote tukamtazama Mseti. Mseti akakunja futi yake, akairudisha mfukoni. "Andika," alisema.

Kazi ilichukua muda, na wapo waliolalamika, kwa haki yao. Wakakwangua mistari yangu. Wakachora mipya, minyoofu, na kando yake wakaacha njia pana iliyosakafiwa, na nguzo ya umeme ikawa imesimama peke yake tena, hakuna bampa lililoiegemea. Niliwapikia vibarua chai siku mbili. Nilimkosoa mmoja kwamba mstari wake umepinda, akanionyesha kwa kamba kwamba umenyooka, nikamwongezea andazi.

Mzee alitoka hospitali, akakaa Nkende miezi minne akijifunza kutembea upya. Waitara alikuwa anampeleka kliniki kwa bajaji ya kuazima, kila Alhamisi, bila kuombwa. Walipitia njia nyingine. Kwangu haikuja salamu wala ndizi. Marwa alisema baba ameambiwa yote ya ukumbini, neno kwa neno. Nikamuuliza alijibu nini. Marwa akasema aliomba maji ya kunywa.

Nilijiambia nimestahili. Nilishona, nilifungua, nilifunga. Kila Alhamisi nilikuwa naitazama ile nguzo.

Kisha Alhamisi moja ya mwezi huu, nikiwa naunga mkono wa shati la shule, nikasikia fimbo. Ilikuja kwa mwendo mpya, hatua, fimbo, hatua ya kuburuta. Sikuinua kichwa. Ikaja mpaka kwenye nguzo, ikasimama.

Akakohoa.

Niliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Nikaangalia chini.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tata."

Kawaida hapo ndipo huisha. Lakini mzee hakuondoka. Nikaona kivuli chake kikimgeukia Awiti. Akatoa ndizi kwenye mfuko wa begani, akamkabidhi, na akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye mbali, japo Awiti alikuwa mbele yake:

"Mpe mwenzako. Na umwambie, siku naanguka alitaka kuninyanyua nikamkataza. Mkono haukuruhusiwa. Basi amekwenda akaninyanyua kwa mdomo. Mwambie nimeshanyanyuka, naushukuru."

Akapita. Alipita upande wa nje, polepole, koti lake mbali na goti langu, lami mbali na mguu wake, na pikipiki zikipita kule zinakopaswa kupita. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona ya kwenda kliniki.

Awiti aliniwekea ndizi mapajani. "Mama Matiko, mzee anasema..."

"Nimesikia, Awiti."

"Lazima niseme, nimetumwa." Na akalirudia lote, neno kwa neno, huku ananifuta machozi kwa kipande cha bitana.

Nikainua kiti, nikakaa, nikaendelea na shati. Baadaye niligundua mkono wa kushoto nimeushona ndani nje. Nikaufumua, nikaanza upya, wala sikukasirika.